RANGI JUU YA REJETA: JE, HUPOZA INJINI?

Maelezo kwa wakulima wa Nanganga, Masasi na Newala wenye magari, pawatila na mashine za kusaga



Karatasi hii yajibu swali moja liulizwalo mara kwa mara mahali penye injini: je, mtu akiipaka rejeta rangi nyeusi, injini yake itapoa zaidi? Wako wasemao ndiyo, kwa kuwa kitu cheusi hutoa joto upesi. Wako wasemao la, kwa kuwa rangi ni kama blanketi, nayo huzuia joto lisitoke. Kila upande una sehemu ya kweli, na kwa sababu hiyo mabishano yao hayaishi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Rangi nyembamba juu ya rejeta yenye feni haisaidii sana wala haidhuru sana. Rangi nene hudhuru. Na injini inayochemka haiponi kwa rangi ya namna yo yote, maana ugonjwa wake uko mahali pengine. Soma mpaka mwisho upate kujua sababu, kwa kuwa mtu ajuaye sababu hadanganyiki kwa urahisi.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Nanganga ipo katika barabara itokayo Lindi na Mtwara kwenda Masasi, nayo ndiyo njia panda ya kwenda Ruangwa. Magari yapitayo hapo hubeba salfa kabla mikorosho haijachanua, kisha hubeba korosho kuanzia mwezi wa Oktoba, wakati jua ni kali na mvua bado. Mtu atokaye bondeni kwenda Newala hana budi kupanda ukingo wa uwanda wa Makonde: mzigo ni mzito, gia ni ndogo, mwendo ni wa polepole. Hapo ndipo rejeta hupimwa.

Tena juu ya uwanda ule maji ni haba. Udongo wake hunywa mvua yote, mito haipo, na kwa miaka mingi wenyeji waliteremka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Dereva aliyemwaga maji ya rejeta kwa kuchemsha asidhani kwamba ataokota maji mengine kando ya njia.

Injini ikichemka na mwenyewe asiizime, kichwa cha silinda hupinda au hupasuka, gasketi huungua, pistoni hukwama. Matengenezo yake huweza kula mapato ya msimu mzima.

Tuseme basi wako wakulima kumi wenye gari moja dogo la mizigo kwa ushirika. Wiki mbili kabla ya kupeleka korosho ghalani, gari laanza kuchemka mlimani. Fundi mmoja awaambia, "Ndugu zangu, nipeni fedha ya makopo mawili ya rangi nyeusi, nami nitaipoza." Mwingine awaambia, "Rangi iliyopo ndiyo inayowaponza. Nilipeni niikwangue yote." Wamfuate yupi? Tutawarudia watu hawa mwishoni.

1. JOTO LATOKA WAPI, NA LAENDA WAPI

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda hutoa joto jingi. Kadiri ya theluthi moja ya joto hilo hugeuka kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu au jiwe la kusagia. Theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi. Karibu theluthi iliyosalia huingia katika chuma cha injini, nayo lazima iondolewe, la sivyo chuma kitaharibika. Kazi hiyo ndiyo ya maji na rejeta.

Joto huhama kwa njia tatu, nazo wazijua zote tangu utoto wako.

(a) Hupita ndani ya kitu chenyewe. Acha kijiko cha chuma ndani ya sufuria motoni. Baada ya muda mpini wake utakuunguza. Chuma, shaba na aluminiamu hupitisha joto upesi. Mti, nguo na rangi hupitisha polepole.

(b) Huchukuliwa na hewa au maji yanayopita. Mama akitaka uji wa mtoto upoe huupepea. Hewa ya moto iliyo juu ya uji huondolewa, hewa ya baridi huja mahali pake.

(c) Hutoka kama mionzi, bila kuchukuliwa na kitu. Ukikaa mbele ya moto usiku, uso wako wapata joto hata kama upepo wavuma kutoka nyuma yako kwenda motoni. Joto hilo limekuja kama nuru ijavyo.

Rangi yahusika na njia ya kwanza na ya tatu. Lakini rejeta ya gari hufanya kazi yake kubwa kwa njia ya pili. Hapo ndipo mabishano yote yaanzapo kupotea njia.

2. JINA LA REJETA HUDANGANYA

Neno rejeta limetoka katika neno la Kizungu lenye maana ya kitu kitoacho mionzi. Lakini itazame rejeta yenyewe. Ina mirija myembamba inayopitisha maji ya moto, na katikati ya mirija mna vibati vyembamba sana, mamia kwa mamia, vilivyopangwa kama mapezi ya samaki. Nafasi kati ya kibati na kibati ni kama milimita 2, au pungufu. Nyuma yake pana feni inayovuta hewa. Chombo hiki kimetengenezwa ili hewa nyingi iguse chuma kingi. Ni upepeo mkubwa wa kupepea maji.

Tufanye hesabu ili tusibishane kwa maneno matupu. Chukua rejeta yenye upana wa nusu mita na kimo cha nusu mita. Maji yake yawe na joto la digrii 90, na hewa ya nje digrii 35. Hata kama rejeta hiyo ingekuwa nyeusi kabisa, mionzi yote itokayo mbele na nyuma haingezidi wati 240 hivi, kadiri ya joto la taa nne za namna ya zamani za wati 60. Na kwa kweli hupungua, maana upande wa nyuma watazamana na injini ambayo nayo ni ya moto. Lakini gari dogo lipandalo mlima na mzigo hutaka kuondoa wati 30,000 au zaidi kwa maji yake. Basi mionzi yote pamoja haifiki sehemu moja katika mia ya kazi yote.

Waweza kuuliza, "Je, vile vibati vyote vya ndani havitoi mionzi?" Hutoa, lakini kila kimoja chamtazama jirani yake aliye na joto lile lile. Anachotoa mmoja hupokelewa na mwenziwe, na mwenziwe humrudishia. Ni kama watu wawili wenye deni sawasawa wanaolipana kila siku: hakuna anayetajirika. Mionzi inayotoka nje hasa ni ile ya uso wa mbele na wa nyuma tu.

Sasa tuipime hasara ya rangi. Tabaka moja jembamba lililopulizwa vizuri lina unene wa kadiri ya sehemu moja katika arobaini ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko huo. Ni kweli kwamba rangi hupitisha joto polepole. Lakini kizuizi kikubwa zaidi cha joto ni ule utando wa hewa unaoshikamana na kibati. Ukilinganisha vizuizi hivyo viwili, rangi nyembamba huongeza kama sehemu moja tu katika mia.

Kwa hiyo faida ya weusi ni ndogo, na hasara ya tabaka jembamba ni ndogo, nazo zakaribia kufutana. Mwenye gari hataona tofauti katika kipimo cha joto.

3. JARIBIO LA MIKEBE MIWILI

Usikubali maneno yetu bila kuona. Chukua mikebe miwili ya bati iliyo sawa kwa ukubwa. Ondoa karatasi yake na uisugue mmoja mpaka ung'ae. Wa pili uupake masizi ya koroboi nje pande zote. Iweke juu ya ubao ndani ya nyumba pasipo upepo. Mimina ndani yake maji yanayochemka, kipimo kimoja, na uifunike.

Baada ya nusu saa, jaribu maji yake. Utakuta kwamba maji ya mkebe mweusi yamepoa kuliko ya mkebe unaong'aa. Mtaalamu wa Uskoti aitwaye John Leslie aliyachunguza mambo haya na kuyaandika katika mwaka 1804. Alitumia chombo cha pembe nne kilichojaa maji ya moto, upande mmoja mweusi, upande mwingine uking'aa. Basi yule asemaye kwamba cheusi hutoa joto upesi hasemi uongo.

Sasa rudia jaribio. Mimina tena maji yanayochemka, lakini safari hii mtoto na aipepee mikebe yote miwili kwa nguvu bila kuacha. Utaona kwamba yote miwili yapoa upesi sana kuliko kwanza, na tofauti baina yao imepungua. Upepo umefanya kazi kubwa, na rangi imebaki na kazi ndogo. Na mkebe huu hauna vibati wala feni ya injini; ungekuwa navyo, tofauti ingekuwa ndogo mno.

Kosa la yule fundi wa rangi nyeusi ni hili: alichoona katika mkebe uliotulia amekipeleka kwenye rejeta yenye feni.

4. BASI KWA NINI REJETA NYINGI ZAPAKWA RANGI NYEUSI?

Rejeta za shaba nyeupe na shaba nyekundu, zilizotumika katika magari mengi ya zamani na bado hutumika katika mashine kadha wa kadha, zilipakwa rangi nyembamba nyeusi kiwandani. Rangi hiyo yalinda maungio na pande za chuma zisiliwe na kutu, tena yapendeza macho. Rejeta za siku hizi za aluminiamu mara nyingi huachwa bila rangi, na injini zake hazichemki kwa sababu hiyo. Hili pekee latosha kukuonyesha kwamba weusi sio siri ya kupoza.

Kwa magari yakaayo karibu na bahari, kama Lindi na Mtwara, ulinzi huo una maana zaidi, maana hewa ya chumvi hula vibati mpaka vinamomonyoka mkononi kama majani makavu. Kibati kilichomomonyoka, au kilichoachana na mrija wake, hakipozi tena, hata ukipake rangi gani.

5. RANGI INAPOLETA HASARA

Hasara huja kwa njia nne. Zishike vema.

Kwanza, rangi ya burashi. Burashi huweka tabaka nene, na tone la rangi huziba mlango wa hewa. Tuseme nafasi kati ya vibati ni milimita 2, na mtu amepaka mara mbili au tatu hata kila kibati kimevaa robo ya milimita kila upande. Amekula nusu milimita, yaani robo ya mlango wote. Hewa ikikosa njia, feni haina la kufanya.

Pili, rangi juu ya uchafu. Vumbi, mbegu za majani, wadudu na mafuta yaliyoganda vikipakwa rangi hushikamana mahali pake kama udongo wa ukuta. Uchafu ambao ungeoshwa kwa maji sasa umejengewa nyumba.

Tatu, rangi ya mafuta ya kupakia milango na mabati. Hiyo ni nene, na nyingine haivumilii joto. Huvimba, hubanduka, na maganda yake huziba vibati.

Nne, rangi ya fedha. Watu huipenda kwa kung'aa kwake, lakini unga wa aluminiamu uliomo hupunguza mionzi. Katika nchi za baridi, ambako watu hupasha nyumba zao joto kwa vyombo vya chuma vyenye maji ya moto, yajulikana kwamba vyombo vilivyopakwa rangi ya fedha hutoa joto pungufu kuliko vile vya rangi za kawaida. Juu ya rejeta yenye feni tofauti ni ndogo. Lakini usinunue kitu kisicho na faida.

6. PIPA LA MASHINE YA KUSAGA NI SHAURI JINGINE

Hapa twataka uangalie sana, maana yale tuliyosema juu ya gari hayafai kila mahali. Mashine nyingi za kusaga vijijini hupozwa kwa pipa la maji. Maji ya moto hupanda yenyewe katika pipa, yaliyopoa hushuka na kurudi katika injini. Hapo hapana vibati wala feni. Pipa limetulia kama ule mkebe wa jaribio la kwanza.

Kwa pipa la namna hii, uso wake una maana. Pipa jipya la bati ling'aalo hutoa mionzi kidogo. Likipakwa rangi ya kawaida, mionzi yake huwa karibu sawa na joto linalochukuliwa na hewa iliyotulia. Kwa hiyo faida yaonekana. Pipa lililokwisha kuwa na kutu pande zote halitapata faida kubwa hivyo, kwa kuwa kutu nayo hutoa mionzi vizuri. Lakini likwangue na kulipaka hata hivyo, lisije likatoboka.

Je, rangi gani? Watu wengi watajibu nyeusi. Sivyo, ikiwa pipa liko nje. Kwa joto la maji ya moto, rangi nyeupe ya kawaida hutoa mionzi karibu sawasawa na rangi nyeusi. Jicho letu haliioni mionzi hiyo, kwa hiyo tusiihukumu kwa jicho. Lakini kwa nuru ya jua, nyeusi huinywa na nyeupe huirudisha. Basi pipa lililo juani lipakwe nyeupe. Kama wataka ushahidi, chukua mkebe wa tatu, upake rangi nyeupe, uujaribu ndani ya nyumba pamoja na ule mweusi. Kisha uijaribu yote miwili juani.

Lakini bora kuliko rangi ni kivuli, na nafasi ya upepo kuzunguka pipa pande zote. Usilibane ukutani, wala usirundike magunia ya mahindi na mihogo kando yake. Na maji yasishuke chini ya tundu la bomba la juu, maana yakishuka mzunguko wake hukatika.

7. PAWATILA NA BOMBA LA SALFA

Baadhi ya injini za pawatila hazina rejeta kamili, bali zina bakuli la maji lililo wazi juu ya silinda. Injini za namna hiyo hupoa kwa maji kugeuka mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huchukua joto zaidi ya mara saba ya lile linalotakiwa kuitoa katika baridi hadi kuchemka. Kwa hiyo mvuke unaotoka katika bakuli hilo sio ugonjwa. Ndiyo kazi yake. Ugonjwa ni kuacha maji yaishe. Chukua dumu la maji shambani, na uangalie kipimo mara kwa mara. Rangi juu ya bakuli haitakusaidia neno.

Bomba la mota la kupulizia salfa katika mikorosho halina maji kabisa. Silinda yake ina mapezi ya chuma, na upepo wake wenyewe huipoza. Adui wake ni unga wa salfa uliochanganyika na mafuta, unaojaza mapezi mpaka silinda inavaa koti. Baada ya kazi, acha injini ipoe, kisha safisha mapezi kwa burashi kavu. Usiyapake rangi. Tena kumbuka kwamba unga wa salfa huwaka: usitie petroli wakati injini ni ya moto, wala usivute tumbako karibu na kazi hiyo.

8. KABLA YA KUNUNUA RANGI, KAGUA HAYA

Injini ikichemka, fuata utaratibu huu ikiwa imezimwa na imepoa.

(1) Kipimo cha maji. Kama yapungua kila siku, yavuja mahali. Tafuta alama nyeupe au za kutu kwenye mipira, pampu na maungio.

(2) Vibati vya nje. Usiku, mtu mmoja ashike tochi nyuma ya rejeta, mwingine atazame mbele. Mahali pasipopitisha nuru ndipo pasipopitisha hewa. Osha kwa maji yatokayo upande wa injini kwenda nje, kinyume cha njia ya upepo, kwa nguvu kidogo tu. Maji ya nguvu nyingi hulaza vibati. Vilivyolala viinue polepole kwa kijiti.

(3) Feni na mkanda wake. Mkanda uliolegea huteleza, feni hulala. Kama feni ina kizingiti cha kuizunguka, kisiondolewe. Ndicho kinacholazimisha hewa ipite katika rejeta isizunguke kando.

(4) Kifuniko cha rejeta. Hiki si cha kuzuia maji yasimwagike tu. Hubana mvuke ili maji yasichemke upesi. Newala ipo juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka digrii mbili hivi kabla ya 100. Kifuniko kizima cha gari huweza kuchelewesha kuchemka hadi karibu na digrii 120. Mpira wake ukichakaa, gari litachemka mlimani hata kama kila kitu kingine ni kizima.

(5) Maji ya ndani. Maji ya kisima yenye chokaa au chumvi huacha ukoko ndani ya mirija, kama ule uonekanao ndani ya birika. Ukoko huo huzuia joto, tena huziba njia. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana chokaa. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa, kisha kinga. Lakini tia pamoja nayo kulanti, yaani dawa ya rejeta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake, maana maji matupu hula aluminiamu na chuma.

(6) Thamostati. Mafundi wengine huitoa na kuitupa. Injini isiyo nayo hukawia kupata joto lake, huchakaa mapema na hula mafuta. Kama imekwama, tia nyingine.

(7) Kama hayo yote ni mazima na injini bado yachemka, au mapovu yatoka katika maji injini inapowaka, huenda gasketi ya kichwa imeungua. Mpelekee fundi wa injini, wala si mpaka rangi.

ANGALIA: Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa yatakurukia usoni na kukuunguza vibaya. Simamisha gari, zima injini, ngoja mpaka mkono wako uweze kukaa juu ya rejeta. Wala usimwage maji baridi ghafula katika injini ya moto; chuma chaweza kupasuka.

9. UKIAMUA KUPAKA

Huenda rejeta yako ya shaba ni ya zamani, rangi yake imebanduka, na wataka kuilinda. Si vibaya. Ioshe kwa sabuni mpaka mafuta yatoke yote, uikaushe kabisa. Tumia rangi ya kupuliza ivumiliayo joto. Puliza tabaka moja jembamba mbele na nyuma, ukiwa umesimama mbali kidogo, kiasi cha kufunika chuma tu. Kisha tazama tena kwa tochi. Nuru ipite kama kwanza. Maungio na matangi ya juu na chini yaweza kupata tabaka la pili, maana kutu huanzia hapo, tena hayapitishi hewa. Rejeta ya aluminiamu iliyo nzima iache kama ilivyo.

WALE WAKULIMA KUMI

Turudi kwa wale wakulima kumi na gari lao. Wasimpe fedha fundi wa kwanza wala wa pili. Yule wa rangi nyeusi angewauzia sehemu moja katika mia. Yule wa kukwangua angewarudishia sehemu hiyo hiyo moja katika mia, tena kwa msasa na tupa angevilaza na kuvikata vibati. Wachukue tochi, ndoo ya maji na sabuni. Wasafishe rejeta, wakaze mkanda, wanunue kifuniko kipya kama mpira umechakaa, waoshe mirija na kutia maji mema na kulanti. Fedha iliyosalia waiweke kwa ajili ya mipira ya maji, kwa kuwa hiyo nayo huzeeka. Kisha walijaribu gari mlimani bila mzigo, wakitazama kipimo cha joto, kabla ya kulipakia korosho za watu.

KUMBUKA

Rejeta yenye feni hupozwa na hewa inayopita, si na rangi.
Rangi nyembamba hulinda; rangi nene huziba.
Pipa lililotulia hufaidika na rangi. Likiwa juani, lipake nyeupe.
Rangi ya fedha na rangi ya milango zisikaribie rejeta.
Injini ikichemka, tafuta sababu kwa mpango, kimoja baada ya kimoja.

Ukiisha kusoma karatasi hii, msomee jirani yako mwenye mashine, na muulize Bwana Shamba wako neno lo lote ambalo hukulielewa.